Dada Yangu Aliona kwa Mguu wa Kuku

Wewe cheka tu. Kuku ni dainosa. Sisemi wanafanana, nasema ni ukoo mmoja. Mamba ni jamaa yao wa karibu, na huyo mjusi unamtaja ni wa mbali sana. Hiyo nimejisomea kwa simu, hakuna mwalimu alinifunza. Lakini wa kwanza kuniambia ni dada yangu Chebet, na kila nikisikia harufu ya manyoya ya kuku kwa maji moto, roho inanichoma.

Kwetu, upande wa Kaplong, kuku akichinjwa ni wa mgeni. Mgeni anapewa mapaja, baba firigisi, sisi watoto miguu. Ndio maana tulijua miguu vizuri: vidole vitatu mbele, kucha, magamba. Siku moja Chebet alikuja na karatasi ilikuwa imefunga mandazi, iko na picha ya dainosa. Akaiweka kando ya nyayo za kuku kwa matope, nyuma ya jikoni.

"Angalia na macho yako, si ya watu."

Niliangalia. Mguu ulikuwa ule ule.

Jumapili akaja mzee wa kanisa. Alikuwa aandike barua ya kumuombea Chebet nafasi ya fomu wani, shule ya bodingi. Kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Haya mama," akamwambia Chebet, "niambie kitu umesoma."

Chebet akainua mguu wa kuku kutoka kwa sahani. "Nimesoma huyu ndiye dainosa alibaki."

Baba akaangalia chini. Mzee akacheka mpaka chai ikamwagika, halafu akanigeukia mimi, miaka saba. "Na wewe kadogo, unaona nini hapo?"

Chebet aliniangalia. Alikuwa ananingoja.

"Mimi naona kuku."

Nyumba yote ikacheka. "Haka ndiko kako na akili," mzee akasema, akaniwekea paja kutoka kwa sahani yake. Kalamu akairudisha mfukoni. "Huyu mkubwa achume chai kwanza, hayo mawazo yamtoke."

Bado anachuma. Vidole vyake vimekuwa vyeusi na maji ya majani. Nilikuwa mkubwa ndio nikaelewa mzee hakuwa ananiuliza mambo ya kuku, alikuwa ananiuliza niko upande wa nani. Leo mtu akimcheka Chebet mbele yangu tutapigana, lakini hiyo haiandiki barua. Yeye mwenyewe hajawahi kunikumbusha, hata mara moja.

Na paja lilikuwa tamu, sitadanganya. Nililimaliza hapo mbele ya Chebet.

Wewe dada yako ungemuuza na nini?