Blanketi Ambalo Halikufunuliwa

Sogea karibu nikueleze, wewe unayeanza kazi ya uuguzi. Ukituuliza kiongozi wa wodi ni nani, wengi wetu, hata wenye shahada na ruhusa ya kuandika dawa, tutakuelekeza kwa mwenye ofisi. Mimi pia niliamini hivyo nilipoanza kazi katika hospitali moja ya Thika.

Kila asubuhi wauguzi wa zamu mbili hupita pamoja, kitanda kwa kitanda. Anayetoka anaeleza hali ya mgonjwa, anayeingia anajibu, "Nimepokea." Ukishasema hivyo, mgonjwa ni wako.

Asubuhi moja nilipokuwa naingia zamu, kulikuwa na mama aliyejifungua alfajiri. Inchaji wetu, yaani msimamizi wa wodi, alisema yuko salama. Mimi niliona midomo yake imepauka. Nikaomba nifunue blanketi niangalie damu.

"Ngojeni kwanza," inchaji akawaambia wenzangu. "Matroni mpya amefika. Sare yenyewe bado ina mikunjo ya duka."

Wakacheka. Hata yule mama alicheka, kidogo.

"Sema umepokea, msichana. Watu wanataka kwenda kulala."

Nikasema. Tukaendelea hadi kitanda cha mwisho, na tuliporudi damu ilikuwa imelowesha godoro, inadondoka sakafuni. Inchaji alikimbia kutushinda sote. Alimkanda tumbo kwa mikono yake miwili, akaagiza damu, akaamuru daktari aitwe. Kazi aliijua. Mama alifia mikononi mwake.

Mumewe alifika na chombo cha njahi, maharagwe meusi ya mwanamke aliyejifungua, yaliyopikwa na mama yake. Alipoambiwa mkewe amefariki, akauliza ni nani aliyekuwa akimwangalia. Inchaji alikuwa kwenye sinki, ananawa polepole.

"Ni huyo," akasema bila kugeuka. "Alikuwa amempokea."

Ilikuwa kweli. Yule mwanamume akanitazama, kisha akaniuliza kama mkewe alikuwa amepata chochote cha kula.

Siku hizi nasimamia wodi Ruiru. Vijana wangu huniambia, "Lakini sista, sisi ni manesi tu." Huwa siwagombezi. Nawaambia hakuna barua itakayowapa uongozi. Unao tangu mgonjwa anapokuwa wako, na watakaokucheka hawatasimama nawe mbele ya mumewe. Kesho asubuhi, wakikuharakisha, funua blanketi kwanza, uangalie kwa macho yako, ndipo ujibu.