Siku Nilipovuta Pumzi Mbele ya Farasi wa Bwana Jivan

Haya, chekeni mapema ili mkinyamaza nipate kusimulia vizuri, maana najua kila mtu hapa ameshasikia kipande cha habari hii kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeharibu. Mbele ya Wazungu waliovaa kofia zao za sherehe, mbele ya Wahindi na familia zao, mbele ya mtaa wetu mzima wa Igogo uliokuwa umekaa juu ya mawe, na mbele ya mama mkwe wangu aliyevuka maji kutoka Sengerema kuja kumwona mume wa binti yake akipiga tarumbeta, niliaibika kwa kitu ambacho hata mtoto mchanga anakifanya bila kufundishwa. Nilivuta pumzi.

Enzi zile za Mwingereza nilikuwa kijana niliyetoka Majita kuja mjini Mwanza kutafuta kazi, nikapata ya kutia mafuta mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba cha Bwana Jivan. Tarumbeta nilijifunza misheni, kwa Padri mmoja aliyeamini kwamba mtu anapiga kwa tumbo na si kwa mdomo, akanizoeza kujaza tumbo lote kwanza, kwa hiyo nikivuta pumzi husikika kama mivukuto ya mhunzi (mke wangu anasema hata kanisani watu hugeuka). Basi siku za mbio za farasi nilikuwa naitwa kwenda kupiga mlio wa kuanzisha, pamoja na wenzangu wa bendi waliokaa nyuma yangu kwa ajili ya kutumbuiza.

Uwanja ulikuwa karibu na ziwa, umesafishwa mawe, na mnajua kusafisha mawe Mwanza ni adhabu, na kweli waliousafisha walikuwa wafungwa. Wazungu walikaa chini ya turubai, Wahindi upande wao na vikapu vya vyakula, na sisi wengine juu ya majabali, ambako hakuna kivuli lakini unaona kila kitu kuliko wote.

Sasa farasi mwenyewe. Bwana Jivan alimleta kutoka Nairobi kwa treni mpaka Kisumu na kwa meli mpaka hapa, akashushwa gatini akining'inia kwenye mkanda wa turubai, miguu inachezacheza hewani, na mji mzima ukaenda kutazama. Alikuwa jike mwekundu mwembamba, wa ile jamii ya farasi wa Kiingereza wanaozalishwa kwa ajili ya mbio tu, hawajui kazi nyingine yoyote duniani. Bwana Jivan akampa jina la kwao, Vijli, maana yake umeme wa radi, lakini ndimi zetu mnazijua, akawa Vijiri, na hata mwenyewe Bwana Jivan mwishowe akawa anamwita Vijiri.

Mbio zake za kwanza zilikuwa kichekesho. Wakamwingiza mbio ndefu ya kuzunguka uwanja wote, akawaacha wenzake kama waliofungwa kamba, halafu nusu ya njia akaishiwa, akawa anatembea kama mtu anayetoka sokoni, akamaliza wa mwisho. Wazungu walicheka mpaka wakafuta machozi. Lakini saisi wake, yaani mtu aliyemlisha na kulala karibu naye, alikuwa Salehe wa Tabora, mtu mzima asiyependa maneno, akamwambia Bwana Jivan kwamba farasi huyu si mbovu, ila Mungu amempa pumzi fupi na nguvu nyingi, kwa hiyo amwingize ile mbio fupi ya kunyoosha, ya kutoka jabali jeupe mpaka kwenye nguzo, ambayo mtu hawezi kumaliza Baba Yetu kabla haijaisha.

Tangu hapo hakushindwa tena. Kanti, mpwa wa Bwana Jivan, kijana mwepesi kama kuku wa kienyeji, ndiye aliyempanda, na kila msimu walimletea mshindani mpya, farasi wa daktari, farasi wa afisa wa polisi, hadi mmoja aliyeletwa kwa meli makusudi, na wote waliona mkia tu. Watu wa Igogo wakamfanya wa kwao. Bwana Jivan hakuruhusiwa kuingia katika klabu ya Wazungu hata kunywa maji, lakini farasi wake aliruhusiwa kuwashinda, na naona hilo lilimtosha, maana siku za mbio alivaa koti jeupe na hakuacha kutabasamu.

Kilichowashangaza wote ni jinsi alivyoanza. Bendera ikishuka, wenzake wanashtuka, yeye ameshaondoka. Hakuwahi kuibia mwanzo hata mara moja, aliondoka kwenye mlio wenyewe, lakini kama mtu aliyeambiwa mapema. Wengine walisema Salehe ana dawa. Wengine walisema Kanti anamfinya sikio. Mimi nilisimama pale pale kwenye jabali jeupe, hatua chache tu kutoka kichwani mwake, kando ya Mzungu wa bendera, na mimi nikaona kitu. Niliona kwamba Mzungu akiinua bendera, farasi wote wanatazama mbele, lakini Vijiri masikio yake yananigeukia mimi. Si nikipiga. Nikivuta pumzi.

Nikajiuliza, ni mimi kweli? Nikaanza kuwaza nikiwa kazini, natia mafuta mashine mkono mmoja na mwingine nakuna kichwa, je, farasi anaweza kusikia tumbo la mtu linavyojaa? Na kama ni hivyo (hapa ndipo kiburi kilipoingia, sifichi), basi yule bingwa anayesifiwa mji mzima, nusu ya ubingwa wake ni wangu mimi Masatu wa Majita. Sikumwambia Salehe. Nilitaka kwanza nijue hakika.

Ndipo akaja yule Mzungu wa Nairobi na farasi wake mweusi. Alikuwa mtu wa mbio kubwa za kule, na alikuwa amekubaliana na Bwana Jivan kwamba Vijiri akimshinda mweusi, atamnunua na kumpeleka kwenye mazizi yake akimbie Nairobi mbele ya watu wengi, na Salehe aende naye. Salehe alikuwa ameshanunua sweta. Alinionyesha siku moja, kaikunja vizuri kwenye karatasi, akaniuliza kama ni kweli kule asubuhi mtu hutoa moshi mdomoni.

Siku ikafika. Farasi wakapangwa pale jabali jeupe, ziwa limetulia, na Mzungu wa bendera alikuwa anazungumza na mpanda farasi mmoja kuhusu mkanda wa tandiko uliolegea. Bendera ilikuwa bado chini, chini kabisa. Vijiri amesimama kwa utulivu, Kanti anajipangusa jasho. Nami nikajiambia, huu ndio wasaa, mbio hazijaanza, nikiweka tarumbeta mdomoni na kuvuta pumzi tu bila kupiga, nitaona kama masikio yatageuka, basi, hakuna atakayejua na hakuna kitakachoharibika.

Nikavuta.

Jamani, masikio sikuyaona. Niliona vumbi. Vijiri alikuwa ameshaondoka, na Kanti juu yake ameshika manyoya ya shingo, mguu mmoja haumo kwenye kikuku. Na mimi, tumbo limejaa, tarumbeta iko mdomoni, nikashtuka, na mtu akishtuka tumbo limejaa hewa lazima hewa itoke mahali. Ikatoka kwenye tarumbeta. Ule mlio wa kuanzisha ukalia vizuri kuliko nilivyowahi kuupiga maishani, na farasi wote waliobaki wakaruka mbele, yule wa mkanda uliolegea naye akaondoka, akamwacha bwana wake amekaa chini na tandiko.

Mzungu wa bendera akanigeukia, uso mwekundu, akaniamuru niwarudishe. Niwarudishe na nini? Nilijua milio miwili tu ya siku ya mbio. Mmoja ndio huo wa kuanzisha. Wa pili ulikuwa mwanzo wa ule wimbo wa kufungia siku, ule ambao Wazungu wakiusikia lazima wasimame wima na kuvua kofia. Kichwa changu kilikuwa kimeshaondoka na farasi, mikono ikafanya inachojua, nikapiga ule wa pili. Na wenzangu wa bendi, watu wa nidhamu, wakadhani siku imekwisha, wakaudaka kwa nguvu zote, zumari na ngoma.

Basi turubai zima likasimama. Kofia zikavuliwa. Mzungu wa bendera naye, aliyekuwa ananinyooshea kidole, akashusha kidole, akaweka bendera kwapani akasimama kama mlingoti, macho tu ndiyo yaliyoendelea kunigombeza. Afisa wa polisi, aliyekuwa katikati ya mbio, akavuta hatamu akasimamisha farasi wake akapiga saluti. Na kule kwenye nguzo, mwamuzi ambaye kazi yake ilikuwa moja tu, kutazama nani amefika kwanza, alikuwa amekaza shingo anatazama mbele, ziwani, kofia kifuani, wakati Vijiri anapita nyuma yake amemwacha mweusi mbali sana.

Wimbo ulipokwisha (nao siku ile ulikuwa mrefu ajabu) Bwana Jivan akaenda kuuliza nani ameshinda. Akajibiwa kwamba hakuna aliyeona. Watu wa juu ya mawe wote waliona, lakini watu wa juu ya mawe hawakuulizwa.

Wakaamua farasi wapumzike, mbio zirudiwe kwa bendera peke yake. Tarumbeta yangu akapewa askari aishike, nami nikaamriwa nisimame pale pale nisitikisike. Farasi wakapangwa tena. Bendera ikainuliwa, na mimi kwa hofu ya kuharibu mara ya pili nikabana pumzi, nikabana kama mtu aliyezama. Bendera ikashuka. Wenzake wakaondoka wote.

Vijiri akasimama. Kanti anampiga visigino, anambembeleza kwa Kigujarati, anamsihi kwa Kiswahili, yeye kimya, masikio yote mawili yamenielekea. Watu wakaanza kufuata yale masikio yanaelekea wapi. Nikaona uso wa Bwana Jivan ukigeuka, nikaona wa Salehe ukigeuka, nikaona jabali zima la Igogo linanitazama mimi niliyevimba mashavu kama chura, machozi yananitoka, na kule mbali mama mkwe wangu akiwa amesimama ili aone vizuri zaidi.

Kifua kikashindwa. Nikavuta pumzi kwa sauti ambayo wanasema iliwafikia wavuvi, na farasi akaruka kama aliyekatiwa kamba. Sijawahi kuona mbio kama zile, na nimeona zake zote. Alimpita wa daktari, akampita wa polisi, akawapita wengine mmoja mmoja, akabaki mweusi tu, naye mweusi akafika kwenye nguzo mbele yake kwa urefu wa pua. Watu walikuwa wanacheka na kushangilia pamoja, sijui kama mnaelewa, kicheko cha watu ambao hawajui kama wamepata au wamekosa.

Yule Mzungu wa Nairobi alisema farasi ni mzuri lakini anayelala mwanzoni hamfai, akapanda meli na mweusi wake.

Jioni ile nilimfuata Salehe, alikuwa anamtembeza Vijiri ili apoe. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, nikamweleza yote, masikio, pumzi, Padri, kila kitu. Aliendelea kutembea, nami natembea pembeni yake.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu msimu uliopita."

"Ungeniambia, Masatu. Ningemzoesha kusikiliza kitu kingine." Mpaka leo maneno hayo yananiuma kuliko kicheko chote cha uwanja.

Asubuhi yake Bwana Jivan akaniita uwanjani, Salehe akiwa amempanda Vijiri, akaniambia nivute. Nikavuta. Walipoishia kule kwenye nguzo, Bwana Jivan alicheka mpaka akakaa chini na koti lake jeupe, kisha akanitazama.

"Sasa huyu nitamuuzaje?" akasema. "Nimuuze pamoja na mtia mafuta wangu?"

Salehe alimfundisha upya kwa filimbi. Vijiri alikubali, akashinda mbio kadhaa na kushindwa kadhaa, lakini ule mwanzo wa umeme haukurudi, na baada ya misimu michache akaachwa ale majani na kuzaa. Nairobi hakufika, wala Salehe hakufika. Sweta aliivaa hapa hapa msimu wa mvua, akawa anatoka jasho, na kila mtu aliyemwuliza alimjibu kwamba anasikia baridi. Mimi sikumwuliza.

Kuhusu mama mkwe, alirudi kwao bila kusema neno juu ya mbio, ila alipoingia kwenye mashua alimwambia binti yake, "Mumeo ana mapafu mazuri." Na watoto wa Igogo kwa muda mrefu nilikuwa nikipita wanavuta pumzi wote kwa pamoja, kisha wanakimbia.

Kupenda kujua sikuacha, siwezi. Lakini nilijiapiza kwamba nikitaka kujua jambo la mnyama au la mtu, nitamwendea kwanza yule anayemtunza nimwulize, tena si siku ambayo riziki ya mtu inategemea jibu. Tarumbeta, iliyokuwa mali ya misheni, nikamrudishia Padri. Kwenye bendi nilihamia ngoma kubwa, ambayo mtu anaipiga tangu asubuhi mpaka jioni amefunga mdomo.