Mawaridi ya Mama Chini ya Duara

Mama alipoanza kudarizi shuka la harusi la mdogo wangu, macho yake yalikuwa bado yanaona. Alianzia kushoto, kwenye ule upindo unaokunjwa juu ya kitanda ili wageni wauone, akapanga mawaridi mekundu moja baada ya jingine. Sukari ikamnyang'anya macho kabla hajafika nusu. Waridi lake la mwisho alilimaliza kwa kupapasa. Alipokata uzi, akanipa sindano akasema, "Shika. Mi basi." Nikaipokea nimeinamisha uso, maana ningelia, na kulia mbele ya watu sipendi.

Basi nikaendelea mimi. Kudarizi najua, ila mkono wa mama sina. Yeye hujaza kwanza nyuzi za pamba chini, ndipo apitishe uzi mwekundu juu, kwa hiyo waridi lake linatutumka kama andazi. Na hayo mawaridi ndiyo yaliyoninyima raha. Ili sindano ipite sawa, kitambaa hubanwa kwenye duara, yaani pete mbili za mbao, moja ndani ya nyingine, ile ya nje ina skurubu ya kukazia. Kila ukilisogeza duara kwenda kulia, ukingo wake unakanyaga ua la jirani. Na kitu kilichotutumka ukikibana kwenye mbao, kinalala. Kikilala, kuamka ni bahati. Kama mama angekuwa anaona, ningesema potelea mbali, atashona jingine. Lakini jingine halipo tena.

Kwa hiyo nikaweka sheria. Pete ya ndani niliizungushia utepe wa pamba mpaka mbao isionekane. Juu ya mawaridi nilitandaza kipande cha mtandio kuukuu, nikakibana pamoja na shuka, halafu nikakata kidirisha pale tu sindano inapofanya kazi. Na nikiinuka, hata kama ni kwenda kugeuza maharage, skurubu inalegezwa, duara linatoka. Mdogo wangu alinicheka, akasema shuka linalelewa kuliko yeye bibi harusi. Nilimwambia anyamaze, na hakunyamaza.

Siku moja kabla ya vyombo vya bibi harusi kupelekwa kwa wakwe, shangazi alikuja kutoka mtaa wa Kanyosha kutusaidia. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu baba, mtu ambaye ukimpinga asubuhi, ukoo mzima una habari kabla ya magharibi. Shuka lilikuwa limekwisha, nimelikunja juu ya kiti. Mimi nikaenda sokoni kununua nyama.

Niliporudi nilimkuta barazani, shuka mapajani, duara limebana. Alikuwa ameona kwamba nafasi kati ya waridi la mwisho la mama na la kwanza langu ni pana mno, akaamua kuongeza jani la kijani hapo katikati. Kile kipande cha mtandio kilikuwa pembeni, kimekunjwa vizuri.

"Hii skurubu yenu ilikuwa inateleza," akaniambia, uso umejaa furaha. "Nimeazima bisibisi pale garaji. Ona sasa, kitambaa kimekaza kama ngoma."

Hapa mtaani kwetu Buyenzi garaji haziishi, na fundi wa ng'ambo ya barabara hawezi kumnyima mtu mzima bisibisi. Lilikuwa limelala karibu na goti lake, jeusi kwa mafuta.

Wallahi, nilikuwa na neno mdomoni ambalo nisingeweza kulirudisha. Lakini mama alikuwa ndani, mlango wazi, anasikia kila kitu. Nikasema tu, "Shangazi, naomba." Nikanawa mikono, nikapiga magoti mbele yake, nikalegeza skurubu kwa bisibisi lilelile, polepole.

Waridi la mwisho la mama lilikuwa limelala. Pete ilipita katikati yake, na nyuzi chache za juu zilikuwa zimekwaruzwa mpaka zimetoa manyoya. Shangazi akalitazama, kisha akanitazama mimi. "Sikujua," akasema kwa sauti ndogo. Nilimwamini, na hasira haikupungua hata chembe.

Nikachemsha maji. Nikaushika upindo juu ya mvuke wa birika, kwa mbali, nikiogopa uzi mwekundu usije ukatoa rangi kwenye shuka jeupe. Kisha nikaligeuza kifudifudi juu ya taulo nene, nikaligusa kwa pasi upande wa nyuma bila kukandamiza. Petali za pembeni zikainuka. Katikati pakabaki bapa. Nikarudia, yaleyale. Ningeweza kulifumua na kulishona upya, alasiri moja ingetosha. Lakini nikilifumua linakuwa langu. Nikaamua litakwenda hivyohivyo, bapa, lakini lake.

Baada ya alasiri mama akaita, "Mulete hilo shuka, niliage."

Tukamtandazia mapajani. Akaanza kushoto, kidole kinapanda na kushuka juu ya kila ua. "Hili langu," akasema. "Na hili langu. Hili pia." Alikuwa anatabasamu. Shangazi alikaa pembeni na tasbihi mkononi, haihesabu.

Kidole kikafika pale. Kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita tena.

"Kumbe hapa ndo ulianzia we," mama akasema.

Nimwambie ua lako la mwisho limekanyagwa, na aliyelikanyaga ni wifi yako, huyu hapa? Nikasema, "Ndiyo, mama. Ni langu."

"Limelala." Akaendelea upande wa kulia, akagusa yale niliyoyashona kweli. "Haya mengine mazuri, umeshaelewa. Ila hili lifumue, mutoto wangu, ulirudie. Siwezi kumupeleka binti kwa watu na ua namna hii."

"Mama, nani ataliona?"

"Mi nimeshaliona. Leta mukasi."

Shangazi akafungua mdomo. Nikamkazia macho, akaufunga.

Nikaleta mkasi, nikachukua na duara. Mama aliposikia skurubu ikizunguka, akanyoosha mkono, akalisukuma pembeni. "Apana. Hilo litaumiza mengine. Mi nitakushikia."

Akaushika upindo kwa mikono yake miwili, akauvuta mpaka ukanyooka, waridi likiwa katikati ya vidole gumba vyake. Nikaingiza ncha ya mkasi chini ya uzi wa kwanza, nikakata. Kila nilipokata, alivuta zaidi kidogo, ili kazi iwe rahisi kwangu.