Kijiti Kwenye Mchanga wa Mkondoa

Siku ile ya Idi naikumbuka, mwanangu. Hata rangi ya maji naikumbuka. Mto Mkondoa ulikuwa umenywea kwa joto, na upande wetu wa Magomeni mchanga ulitanda kama uwanja uliofagiliwa. Bahari hapa Kilosa hatuna. Ufukwe wetu ni ule, na ni wa watu wote: wafuaji, waogaji, wachumba, wenye mipira. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama alinikabidhi mdogo wangu Zuhura, wa miaka saba, aliyevaa gauni jipya la sikukuu, akaniambia neno moja tu: "Mwangalie."

Tulimkuta Bibi Mwanaidi anafua. Alikuwa na desturi ya wafuaji wa zamani: kabla ya kulowanisha nguo, huchomeka kijiti pale maji yanapokomea, na kila amalizapo nguo moja hukitupia jicho. Maji yakikipita kijiti, wote wanatoka mtoni, hakuna kuulizana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyo mtoto asivuke."

Rafiki yangu Shabani, ambaye kunyamaza hakukujua, akadakia: "Bibi, hata sikukuu unapanda miti? Utavuna lini?"

"Siku utakayovuna akili, mjukuu wangu."

Tulicheka wote, naye akacheka. Kisha akapanda ukingo kuanika kanga zake vichakani. Sisi tulikuwa tumepungukiwa mti mmoja wa goli. Usimsingizie Shabani, mwanangu: niliyeking'oa kile kijiti ni mimi. Kilikuwa kimenyooka vizuri. Nikaenda kukisimika mbali na maji, na mpira ukaanza. Zuhura akavuka maji ya kifundo cha mguu mpaka kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, akafinyanga vyungu vyake.

Mbingu ilikuwa nyeupe. Kilosa halikudondoka tone. Lakini maji ya Mkondoa hutoka milimani mbali, na mvua ya huko hutufikia sisi bila wingu. Kwanza maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha yakabeba povu na majani makavu. Sikuona hata kimoja. Tulikuwa tunaongoza mawili kwa moja.

Bibi Mwanaidi aliporudi alitazama chini, akapaza sauti ambayo sikujua kama anayo: "Kijiti kiko wapi?"

Ndipo nikatazama mto. Kile kisiwa kilikuwa kimebaki ukubwa wa mkeka, na Zuhura amesimama juu yake, ameshika gauni lake juu lisilowe.

Nilitaka kujitupa. Bibi akanidaka shati. "Ukizama na wewe, mama yako awalilie wangapi?" Akazifunga kanga nne fundo kwa fundo, ncha moja kiunoni kwangu, nyingine mikononi mwa Shabani na wenzake. Niliingia, maji yakanifika kifuani, nikamkumbatia mtoto, wakatuvuta. Nilipogeuka, kisiwa hakikuwepo.

Bibi hakunipiga. Alikwenda golini akaking'oa kile kijiti, akaniwekea mkononi. "Umewatoboa watu wote jicho. Kuanzia leo, kila ukifika hapa, utachomeka wewe."

Nimechomeka tangu siku hiyo. Shule niliishia darasa la saba, lakini mto huu nimejisomea, na kwenye daftari langu nimeandika kila mahali ambapo wachimba mchanga wameacha shimo. Siku hizi vijana wanakuja hata kutoka Ruhembe na Mikumi, na spika zao na chupa zao. Msimu wa joto uliopita mmoja aliniambia, "Mzee Kijiti, unakata stimu, bwana!" akaking'oa. Nikakata kingine. Akaking'oa. Nikakata cha tatu, nikakaa pembeni yake.

"Utachoka, mzee."

"Miti haijaisha, na mimi sijaisha."

Muuza vinywaji naye akalalamika kwamba nawatisha wateja wake. Nilimwambia mteja aliyezama harudi kununua soda. Wacheke, wanipe majina, sing'oki. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi tende hilo nusura liwe kaburi la mdogo wangu.

Basi shika haya, mwanangu. Ukifika ufukweni, wa mto au wa bahari, chomeka alama yako kabla ya kuvua viatu, na umwulize mwenyeji, maana maji usiyoyafika hujui kina chake. Mto ukibadili rangi, toka, hata kama jua linawaka na mnaongoza. Mtoto uliyekabidhiwa mshike kwa mkono; jicho peke yake husahau. Ukishalewa, kaa mchangani. Chupa uliyokuja nayo rudi nayo, kwani atakayeikanyaga ikivunjika hajavaa viatu. Mtu akizidiwa na maji mrushie kanga, kamba, dumu tupu; usijitupe bila wa kukuvuta. Na ukikuta kijiti kimesimama peke yake mchangani, usikiguse. Kuna mtu anakitazama kwa ajili yako.

Zuhura leo ana watoto watatu, na wote wanajua kuchomeka.

Mungu akujalie umri wa kuchekwa na vijana, na usichoke kukata cha tatu. Kila utokapo majini, nguo zako zilowe maji ya mto tu, zisilowe machozi ya mama yako.