Nukta za Hina Mkononi

Mwaka wa sabini na tatu nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiishi Koboko, mji wa mpakani karibu na Zaire, na mama yangu. Baba alikuwa askari na alikuwa amekwisha kufa. Tulisuka vifuniko vya sinia kwa majani ya mvumo, mti wa jamii ya mnazi, yaliyotiwa rangi, na harusi za Waislamu mjini hazikukamilika bila vifuniko hivyo.

Kiangazi cha mwaka huo upepo uling'oa bati la jikoni kwetu. Badala ya kulikimbia, nililidaka. Likanikata upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kulia. Mama akanifunga kwa leso yake, tukapanda lori la tumbaku hadi hospitali ya Arua. Njiani nilihesabu vidole vyangu kwa kuvigusa. Vyote vilikuwapo, lakini gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa kama vya mtu mwingine.

Daktari aliyenishona alikuwa kijana asiyependa haraka. Kesho yake asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda na kusema na mama.

"Mshipa wa fahamu ulikatika, mama. Nimeunganisha ganda lake tu. Nyuzi za ndani zimekufa kuanzia hapa mpaka kwenye vidole. Lazima ziote upya."

"Itaota namna gani? Kama viazi?" mama akauliza.

Daktari hakucheka. Alisema alipokuwa mwanafunzi aliwahi kuangalia kwa hadubini chembe za fahamu zilizooteshwa juu ya vipande viwili vya kioo. Kwenye kioo laini zilitawanya matawi ovyo, kila upande. Kwenye kioo kilichochorwa mikwaruzo midogo sana, zilijinyoosha zikawa ndefu na nyembamba, zikafuata mikwaruzo ile.

"Ncha yake inapapasa," alisema. "Ikikuta mfereji, inaufuata. Ndani ya mkono wa binti yako mifereji ya zamani bado ipo. Ila uzi mwingine utaingia mfereji usio wake."

"Na ikiingia pabaya?"

"Ataguswa hapa, atasikia pale."

Alimfundisha mama kunigonga kwa ncha ya kidole, kuanzia vidoleni kupanda hadi kwenye kovu. Pale nitakaposhtuka kama nimepigwa na umeme, ndipo nyuzi zilipofika.

Tulirudi Koboko. Kila Ijumaa baada ya kuoga, mama alinigonga, na pale niliposhtuka akapaka nukta ya hina. Mwezi wa kwanza nukta haikusogea. Siku moja niliinua sufuria ya maharage mekoni, nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Ilikuwa ngozi ya kidole changu. Nilikaa chini nikalia. Maumivu sikuwa nayo, na hilo ndilo lililoniliza.

Kisha nukta zikaanza kushuka, polepole kuliko ukucha unavyoota, au ndivyo nilivyoona mimi. Masika yakaja yakapita. Zikafika katikati ya kiganja, zikafika mizizi ya vidole. Vidole vikawa vinawasha, kama vimeingiliwa na sisimizi, nami nikafurahi kwa muwasho ule.

Lakini daktari alikuwa amesema kweli. Mama alinifunga macho kwa kanga, akanigusa.

"Hii iko kidole gani?"

"Cha kati."

"Hapana. Iko ya shahada. Tena."

Akajaza beseni vitu vya nyumbani: gunzi la mahindi, kitana, mbegu za ukwaju, kipande cha mkeka, jiwe la mtoni. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipapasa humo bila kuona. Mwanzoni gunzi na kitana vilikuwa kitu kimoja. Nilikasirika, nikalisukuma beseni, mbegu zikatawanyika uani. Mama akaziokota moja moja, akarudisha beseni magotini mwangu.

"Jiwe inateleza, haifundishi kitu," alisema. "Anza na gunzi. Fuata mstari yake."

Nikafuata mistari ya gunzi kwa kidole, juu na chini, mpaka siku moja nilihesabu safu zake nikiwa nimefumba macho, nikapata sawasawa. Baadaye nilijua kitana, kisha mkeka, kisha upande upi wa jani la mvumo ni wa juu. Mwaka wa pili nikasuka kifuniko kizima. Ukingo wake ulipinda, na mama akakitumia kufunikia unga.

Sabini na tisa, vita vilipofika kwetu, tulivuka kwenda Zaire kwa miguu. Tulibeba sufuria, mkeka na furushi la majani makavu. Huko tulisuka tukabadilishana na unga wa muhogo. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu, rangi ya zambarau na nyeusi kwake zikawa moja. Basi mimi nilichagua rangi, nikimpa jani moja moja, naye akasuka kwa kupapasa.