Modemu ya Dada Atupele

Mwanangu, iko alasiri moja ya Thika ambayo hainitoki akilini hata leo. Sijafika umri wa mkongojo, lakini mvi hizi hazikuja zenyewe. Keti nikueleze.

Nilikuwa kijana, nimeajiriwa katika duka la simu la Mama Nyambura. Wakati ule intaneti tuliibeba kwa modemu, kile kijiti cha kuchomeka kwenye laptopu. Asubuhi hiyo aliingia dada mmoja mgeni, Atupele, mwenyeji wa Mbeya, Tanzania, aliyekuja kufundisha Ruiru kwa muda. Modemu aliyotoka nayo kwao ilikataa laini za huku.

"Kaka, naomba isiyo ghali sana, ila ikubaliane na laptopu yangu," alisema. "Baba yangu anaumwa sana. Saa kumi mdogo wangu atampelekea kompyuta kitandani. Baba anataka kuniona uso."

Nilipaswa kumuuliza laptopu yake ni ya aina gani. Nilikuwa na modemu moja ya bei nafuu niliyojua fika kwamba hugoma kwenye laptopu za zamani. Lakini ilikuwa imekaa rafuni miezi, nami nilitaka sifa ya kuiuza.

"Hii itashika tu, dada. Usijali."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mwisho saa nane na nusu, simu ya duka ilipolia. Atupele alikuwa kwake Mwiki, huko Ruiru, amejaribu na kujaribu, modemu haishiki. Nikamwambia azime, awashe tena. Nilijua haitasaidia, mwanangu, lakini nilisema. Mama Nyambura alikuwa akisikiliza. Akachukua simu, akamuuliza maswali mawili, kisha akanigeukia.

"Ulijua?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Ngai, Mungu wangu! Kuuliza si ujinga, lakini kujua na kunyamaza, huo ni wizi. Chukua modemu hizi mbili, enda Ruiru. Na usirudi hapa kabla huyo msichana hajamwona babake."

Barabara ilikuwa imesongamana magari. Niliingia Mwiki nikikimbia, saa kumi imepita kwa dakika tano. Nilimkuta amevaa gauni la kanisani na kitambaa kichwani, amejipamba kwa ajili ya babake, laptopu juu ya meza. Modemu ya kwanza ikakataa. Ya pili ikawaka, ikazima, ikawaka. Nikasogeza meza hadi dirishani kutafuta mtandao.

"Fanya haraka, kaka," alisema.

Ilikuwa karibu saa kumi na nusu uso wa mdogo wake ulipotokea kwenye skrini, umekatikakatika.

"Dada, amekungoja sana. Ameuliza uko wapi, uko wapi. Sasa hivi tu amelala, namwita haitiki."

Akageuza kamera. Atupele alimwona babake, babake hakumwona. Alizungumza naye kwa lugha ya kwao, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto, mpaka mtandao ukakatika.

Akaniambia, "Asante kwa kuja." Hapo nikashindwa kuvumilia, nikamwambia ukweli, kwamba nilijua tangu asubuhi. Akafunga laptopu polepole.

"Nenda, kaka."

Sikumwona tena. Mama Nyambura ndiye aliyempigia simu baadaye, akaniambia mzee alifariki siku ya pili bila kuamka. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea miaka yote.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akikuuliza jambo, hujui ni shida gani imemleta. Kama hujui, sema hujui. Kama kitu hakimfai, mwambie hakimfai, hata akienda duka la jirani. Na ukikosea, kimbia ukarekebishe, ingawa yapo mengine yasiyorekebishika.

Mungu akupe ulimi mnyoofu. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mgeni katika nchi ya watu, akukutanishe na mtu wa kukuambia ukweli mapema.