Usiache Mpaka Nikuambie

Nilipokuwa nagawa dawa kwenye kliniki moja ya Koboko, wagonjwa walinichosha kwa jambo moja: mtu akipata nafuu kidogo tu, anaacha vidonge na kuviweka akiba. Basi nikawa nawaropokea wote dirishani maneno yaleyale: usiache mpaka nikuambie. Foleni ndefu, na mimi subira sina. Baadaye nikahamia Arua.

Mwaka uliofuata, mama mmoja aliingia katika duka la dawa ninakofanya kazi, akaomba vidonge vya goti la baba yake. Nikamuuliza mzee anavimeza tangu lini. Tangu mwaka jana, akasema, kila siku, na sasa tumbo linamwaka, choo cheusi kama lami. Lo! Dawa ya siku tano hiyo! Nikafoka, ni mjinga gani aliyemwambia aendelee?

Akanijibu kwa upole kwamba baba alikuwa askari, na dada wa dirishani kule Koboko alimwambia asiache mpaka amwambie. Nyumba nzima wamembembeleza, hasikii; vikiisha anaamuru vinunuliwe vingine. Anasema amri huondolewa na aliyeitoa.

Nikamwambia dada huyo ni mimi. Tukampigia mzee simu. Akasema sauti haina uso, akakata.

Niliomba ruhusa, tukapanda gari la Koboko. Njia nzima sikutulia. Kila gari liliposimama kushusha abiria nililaani kimoyomoyo. Nilijaribu kuikumbuka sura ya yule mzee, nikaikosa. Nilikuwa nimemsahau kabisa, na yeye ananingoja.

Tulimkuta kitini, amekonda, midomo imepauka. Aliponiona akajikaza kusimama, mkono mmoja ukutani.

“Daktari, wewe nakawia,” alisema. “Mimi hapana kosa hata siku moja.”

Mimi si daktari, lakini haikuwa saa ya kusahihishana. Nikamwambia aache, leo hii, na kwamba kosa ni langu, si lake. Akatoa pakiti mfukoni, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Tukamkimbiza hospitali, wakamwongeza damu. Mimi nilizunguka uani mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Kesho yake mzee aliweza kuketi. Akaniuliza kama sasa ana ruhusa ya kusema. Nikamwambia, sema, mzee.

“Ile dawa iko nachoma sana,” alisema. “Toka siku ya kwanza.”